Kabla Hujamnyang'anya Simu

Mtu mzima akiugua akili hapa Mombasa, kitu cha kwanza kunyang'anywa siku hizi ni simu. Ami anakuja, anaambiwa mgonjwa halali, anaambiwa pesa zimekwenda, anaambiwa amesema maneno ya aibu mtandaoni watu wote wakisikia, na kabla hajamaliza chai yake hukumu imeshatoka: "Simu hii ndiyo yamtia wazimu." Simu inachukuliwa, inafungiwa kabatini, na nyumba nzima inashusha pumzi kana kwamba ugonjwa wenyewe ndio uliotiwa kufuli.

Nimeliona hili nyumbani kwetu. Tangu nianze kulizungumza nimelisikia Kisauni, Majengo, Likoni na Changamwe, kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa waliosoma na wasiosoma. Naandika kwa sababu tunaichukua simu bila kuuliza ilikuwa ikifanya kazi gani, na saa ngapi. Kaka yangu ameniruhusu nieleze habari zake. Amesoma kila aya, na kuna alizozikata, nami sikubishana naye.

Kaka ana baipola, ule ugonjwa wa kupanda na kushuka: mara akili humkimbia kasi kupita kiasi, ndiko kupanda, mara humzama kwenye huzuni, ndiko kushuka. Pia ni fundi wa friji na viyoyozi. Ufundi aliusomea, lakini mengi anayoyafanya leo kayapata kwenye video. Friji hizi mpya zina bodi ya umeme ambayo hakufundishwa na mtu, kwa hiyo hufungua YouTube, akamtafuta fundi wa India au wa Nigeria aliyekwisha kuipasua friji kama ile, akaisimamisha video, akairudisha nyuma, akapima waya kwa mita yake, akaendelea. Nimemkuta amepiga magoti nyuma ya friji ya duka la nyama, simu kaiegemeza kwenye mtungi wa gesi, kioo kimejaa alama za vidole vya grisi, naye anamjibu yule fundi wa India kama aliyesimama naye pale: "Hapo sawa. Sasa nionyeshe nyuma."

Wateja wake wote wamo kwenye simu hiyo. Tarehe za kliniki zimo. Kengele ya kumkumbusha dawa imo. Kimo na kikundi cha WhatsApp cha watu wenye maradhi kama yake, mahali pekee anapoweza kuandika "leo dawa zimenilaza mpaka adhuhuri" asichekwe wala asiombewe dua za kumfukuza jini. Ami alipoifungia kabatini, hivyo vyote vilifungiwa pamoja nayo. Mwenye duka la nyama akapiga, hakupata, akamwita fundi mwingine. Siku ya kliniki ikapita bila mtu kukumbuka.

Na kaka hakuacha. Haikuchukua muda akawa na simu nyingine, kuukuu, kioo kimepasuka, aliyoikopa kwa kijana mmoja wa maskani. Tofauti ni kwamba ile ya kwanza mama alikuwa akiuona mwanga wake kupitia neti, akajua mwanawe yu macho. Hii ya pili aliificha, akaitumia chooni na juu darini. Tulichokuwa tunakiona, tukaacha kukiona.

Sitaki nieleweke vibaya. Mambo aliyoyafanya kwa simu wakati amepanda yalituumiza sana, na yanastahili kuelezwa kwa ukamilifu.

Kwanza ulikwenda usingizi. Akawa analala saa nane za usiku, kisha saa kumi, kisha adhana ya alfajiri ikawa inamkuta macho makavu, kidole kinakwenda. Kwenye kundi la ukoo alimwaga ujumbe juu ya ujumbe, mwingine wa sauti, mwingine wa maandishi yote herufi kubwa: mipango ya biashara, aya za Qur'ani, matusi kwa shemeji, kisha kumwomba radhi shemeji huyo huyo, na hapo jua halijachomoza. Shangazi zetu wakajitoa kwenye kundi mmoja mmoja.

Kisha kikaja kindege. Asiyekijua nitamweleza. Ni kamari ya simu. Kindege chapaa kwenye kioo na namba yapanda nacho, moja nukta mbili, moja nukta tisa, tatu, saba, nawe sharti utoe pesa zako kabla hakijatoweka. Raundi moja ni ya sekunde chache, na nyingine huanza papo hapo. Mtu mzima wa akili huona bahati nasibu. Mtu aliyepanda huona mpangilio, na huona kuwa ni yeye peke yake duniani aliyejaaliwa kuuona. Daftari la kaka la hesabu za wateja, lenye majina ya watu na bei za kompresa, tulilikuta limejaa namba za kindege ukurasa baada ya ukurasa, nyingine kazizungushia duara, nyingine kaziunganisha kwa mishale. Pesa za vipuri alizopewa na wateja zilikwenda huko. Zilipokwisha, akakopa kwenye programu za mikopo ya simu, moja baada ya nyingine, kila moja ikimpa chini ya dakika.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilitukomboa, na mimi ni mmoja wa wanaoishukuru. Lakini fikiria ilichokiondoa njiani. Zamani mtu aliyepanda akitaka kufuja mali alilazimika avae viatu, atoke nje, apite barazani mbele ya wazee, wamwone macho yalivyo, wamwite, wamkalishe, watume mtoto akamwite mamake. Benki ilifungwa mapema. Kasino ilikuwa na mlango na mtu wa kusimama mlangoni. Mtaa mzima ulikuwa ukimchelewesha, na kucheleweshwa kwa saa chache ni rehema kubwa kwa mtu ambaye kesho asubuhi angeweza kufikishwa kwa daktari. Leo kati ya wazo na pesa kutoka hapana hata hatua moja ya mguu, na barazani hapana anayejua.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Usiku mmoja alipiga laivu kwenye mtandao mmoja wa video. Alikuwa na mpango wa kupoza kisiwa chote cha Mombasa kwa maji ya bahari: mabomba kutoka Mama Ngina mpaka Makupa, kila nyumba na feni yake, bure. Aliongea kwa kasi, jasho likimtiririka, na watu wasiomjua walimiminika kutazama. Walimtumia zawadi. Walimwandikia "ongeza, injinia!" Kila alipochoka walimchochea, na kuna aliyemwambia avue shati, akavua. Mtu akairekodi, akaikata, akaitia muziki. Zamani mtu aliyerukwa na akili akapona, mtaa ulimsahaulisha. Watu walikuwa na adabu ya kutolitaja jambo lile mbele yake. Kipande kile cha video hakina adabu hiyo. Kinamrudia kila kinapomfikia mtu mpya.

Kwa hiyo namwelewa ami. Aliona simu kila mahali palipoungua. Ila nimejaribu kusoma wanaolijua jambo hili wanasemaje, na sivyo wanavyosema.

Mwaka 1995 daktari wa akili wa New York, Ivan Goldberg, aliandika vigezo vya "uraibu wa intaneti" kwa utani, na watu wakamwendea wakisema wanao. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young aliwasilisha utafiti wa dhati juu ya jambo hilo, na kipimo chake cha maswali 20 bado kinatumika. Hata hivyo, hadi leo "uraibu wa intaneti" kwa jumla haumo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Orodha mpya, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, inataja mawili ya jamii hiyo: ugonjwa wa michezo ya kompyuta, na ugonjwa wa kamari, ukiwemo wa kamari ya mtandaoni. Na hapo, chini ya yote mawili, imeandikwa kwamba baipola isichanganywe nayo. Daktari atazame kwanza kama ni mgonjwa aliyepanda, maana mtu akiwa amepanda hucheza kamari na kufuja kwa sababu amepanda, na ugonjwa ukitulia aghalabu na tamaa ile hutulia.

Niliposoma hivyo nilimpigia mama nikamsomea kwa simu. Miezi mingi watu walikuwa wakimwambia mwanawe kaharibiwa na kamari, kaharibiwa na mitandao, mvivu, hana dini. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Rudia hapo pa mwisho."

Mtafiti Daniel Kardefelt-Winther aliandika mwaka 2014 kwamba tusikimbilie kuliita jambo hili uraibu. Tuulize mtu anafidia nini. Mpweke hufidia upweke. Mwenye wasiwasi wa watu hufidia mazungumzo asiyoyaweza uso kwa uso. Fidia ile yaweza kumsaidia na yaweza kumzidishia, na tafiti nyingi zilizoukuta utumiaji wa kupindukia pamoja na sonona au wasiwasi zimeshindwa kuamua kipi kilitangulia. Kwa kaka nadhani vilikuwa vikisukumana. Ugonjwa ulimnyima usingizi, usiku usio na usingizi ukampa simu, simu ikamnyima usingizi uliobaki. Na kukosa usingizi si dalili tu kwa mwenye baipola. Kwenyewe kunaweza kumpandisha. Ndiyo maana Ellen Frank na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walibuni tiba inayosimamia saa: kulala, kuamka, kula na kukutana na watu kwa nyakati zile zile kila siku. Mama alipoelezwa alisema mtu anayeswali swala tano kwa wakati ameshapewa saa hiyo, na nadhani ana haki ya kusema hivyo.

Kuna jingine ambalo familia nyingi hazijaambiwa. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu aripiprazoli, dawa inayotumiwa kwa baipola na kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo: kwa watu wachache huleta tamaa isiyozuilika ya kucheza kamari, kununua vitu, kula au kufanya mapenzi, na tamaa ile huondoka dozi ikipunguzwa au dawa ikisimamishwa. Kaka haitumii. Yeye hutumia lithiamu, na hiyo nayo ina hatari yake kwa mtu anayekesha na simu kwenye joto la kaskazi, anatoka jasho na kusahau kunywa maji, maana dawa hujilimbikiza mwilini. Lakini kama mgonjwa wako ameanzishiwa dawa mpya na ghafla amekuwa mtu wa kamari, mweleze daktari wiki hiyo hiyo. Asiiache dawa mwenyewe. Mwelezeni daktari.

Akishuka, simu huwa nyingine kabisa. Haandiki kitu. Hajibu mtu. Hulala ubavu, kauangalia ukuta, na video fupi zinapita bila sauti, moja baada ya nyingine, hazina mwisho. Nilimuuliza anatazama nini akasema hatazami. Ukimnyang'anya simu wakati huo hatainuka akaenda kazini. Atabaki na ukuta. Hapo bora kumkalia karibu, kumletea uji, kumuuliza kama anatazama mambo ya kujidhuru, na kumuuliza waziwazi, maana swali hilo halimtii mtu wazo asilokuwa nalo.

Na wengine wana yao. Kwenye foleni ya kliniki mama mmoja mwenye skizofrenia aliniambia watu wa kwenye simu ndio pekee wanaomsalimu kama zamani, kwa sababu hawaoni mikono yake inavyotetemeka kwa dawa. Kumchukulia yeye simu ni kumfungia mlango wa mwisho. Ila kuna mgonjwa wa namna yake ambaye simu ni moto kwake: anayeamini kuna watu wanamfuatilia. Juzi alizungumzia magodoro, leo simu imemletea tangazo la magodoro. Mimi na wewe tutakasirika kidogo tuendelee na safari. Kwake yeye huo ni ushahidi, na hakuna ndugu atakayemshinda kwa hoja.

Aliyetufungulia njia sisi ni muuguzi mmoja wa kliniki, mama wa makamo, mtaratibu. Wengine wote walikuwa wakiuliza dawa: ameza, hajameza, ngapi. Yeye alimtazama kaka, si mimi wala mama, akauliza, "Wewe walala saa ngapi?" Kaka akajibu. Akauliza tena, "Na simu hulala wapi?"

Kaka alicheka, kisha akajibu kweli: chini ya mto, na mara nyingine mkononi. Muuguzi akaandika. Akamuuliza ni saa gani simu humsaidia na saa gani humdhuru, na kaka, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akihojiwa kama mtoto aliyevunja kikombe, alizungumza karibu nusu saa. Alijua mambo yake kuliko sisi sote. Alijua kwamba mchana simu ni kazi na baada ya saa nne za usiku ni maradhi. Alijua dalili zake. Hakuwahi kuulizwa tu.

Walichokubaliana kiliandikwa siku ile, yeye akiwa mzima, kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ipo ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Simu huchajiwa sebuleni kuanzia saa nne za usiku, na chumbani huingia na kabambe, simu ndogo ya vitufe ya kupiga na kupokea basi. Akaunti ya kamari aliomba mwenyewe ifungwe. Kampuni nyingi zina njia ya mteja kujizuia, ingawa zimeificha mbali. Pesa za vipuri huingia kwa mama, naye hulipa dukani moja kwa moja. Na chini kaandika: "Nikianza kuandika herufi kubwa. Nikianza kumpigia mteja saa tisa za usiku. Nikianza kusema nimeona mpangilio. Hapo dada achukue nywila ya akaunti ya video, na twende kliniki kesho yake, hata nikikataa." Akatia sahihi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoipigania. Simu inaweza kuchukuliwa, tena usiku wa manane, tena kwa nguvu ya neno alilolitoa mwenyewe. Sheria ya marekebisho ya afya ya akili ya mwaka 2022 imempa mgonjwa wa Kenya haki ya kushirikishwa katika kupanga matibabu yake, na sioni kwa nini simu yake iwe nje ya mpango huo. Ni mtu mzima. Ana mteja anayemngoja na friji imefunguliwa.

Ami hakuridhika mara moja. Anataka kaka aendelee kusomewa Qur'ani, na anasomewa, kila Alhamisi, na kombe, maji yaliyooshewa aya, anakunywa, na dawa anameza. Hatuoni ugomvi hapo. Lakini karatasi ile ameisoma, na tangu aisome hajaigusa simu.

Hayajaisha. Akaunti imefungwa lakini ujumbe wa kamari bado humfikia kwa namba tofauti tofauti, "umepewa dau la bure", na kila mmoja anaufuta huku mimi roho ikinidunda. Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo ya kamari nchini kwa siku 30, na nilitamani muda ule usiishe. Madeni ya programu bado tunalipa. Na kile kipande cha video cha mabomba ya bahari kilipita tena juzi kwenye kundi la mtaa wetu, kimetumwa na mtu asiyejua ni mwana wa nani. Nilimwandikia faraghani nikamweleza, akakifuta, akaomba radhi. Kaka hakukiona. Wengine watakiona, na sina namna ya kuwafikia wote.

Wauguzi na madaktari wa kliniki za akili za hapa pwani, kama haya yamewafikia, naomba jambo moja. Mna kadi mnayoandika dawa, uzito na presha. Ongezeni mstari: simu hulala wapi, na saa gani humsaidia, saa gani humdhuru. Muulizeni mgonjwa mwenyewe. Sisi ndugu tutangoja nje.